Ardhi ya wote, nyumba ya kila mama: Bunia tujifunze nini kutoka Pwani?



Wiki hii tunazungumza juu ya nyumba. Katika mikutano ya vikundi vyetu, kila tunapouliza ni kitu gani kinachomaliza akiba ya mama kabla mwezi haujaisha, jibu linarudi lile lile: kodi ya nyumba. Ada ya shule inapangwa kwa muhula. Chakula kinaweza kupunguzwa, hata kama ni kwa uchungu. Lakini mwenye nyumba hapunguzi, na siku akitaka chumba chake, mama anabeba godoro, sufuria na watoto, anaanza tena kutafuta garanti ya mahali pengine.

Mji wetu umekua haraka kuliko nyumba zake. Bunia ilipokea watu wakati wa vita vya 1999 hadi 2003. Mwaka 2015 ikawa makao makuu ya jimbo la Ituri. Tangu mwisho wa 2017, familia nyingi zilizokimbia vijiji vya Djugu na Irumu zimekuja kukaa kwa ndugu, katika vyumba vya kupanga, na katika kambi za wakimbizi wa ndani kama Kigonze. Watu wakiongezeka na nyumba zisiongezeke, bei inapanda. Hilo kila mama wa soko analijua, bila kusomea uchumi.

Kwa hiyo tumeuliza swali ambalo vikundi vingi vimetuletea: je, akina mama wanaweza kuungana, wakaomba ardhi kwa serikali, wakajenga nyumba za bei nafuu ambazo hazitanyakuliwa kesho na wenye pesa? Tumetazama Pwani ya Afrika ya Mashariki, kule Kiswahili chetu kilikotoka, kwa sababu watu wa kule wamejaribu jambo hilo kwa njia nyingi. Nyingine zimefaulu, nyingine zimefaulu nusu. Tunawaletea zote mbili, ili mchague kwa macho wazi.

Zanzibar: serikali ilijenga, ikagawa

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Zanzibar ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Hapo hapo ikaanza mpango wa makazi katika mtaa wa Ng'ambo, upande wa watu wa kawaida, ng'ambo ya Mji Mkongwe. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki zikajengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni. Kisha, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, yakapanda majumba marefu ya Michenzani, yaliyopangwa kama msalaba kando ya barabara kuu mbili. Familia zilizobomolewa vibanda vyao ili kupisha ujenzi ziliahidiwa kuingia humo bila kununua.

Lilikuwa jambo kubwa. Mtu ambaye baba yake aliishi kwenye nyumba ya udongo akapata sakafu ya saruji, choo cha ndani na umeme. Wako wajukuu wanaoishi humo hadi leo.

Lakini mama anayesikiliza vizuri atauliza: maji yalipandaje mpaka ghorofa ya tano? Mara nyingi hayakupanda. Pampu zikishindwa, ndoo ilipanda kwa ngazi, na sote tunajua ni kichwa cha nani kilichoibeba. Na mtu asipolipia nyumba, wala kuwa na chama cha kuitunza, nani atapaka rangi, nani atatengeneza bomba? Wakaaji walingoja serikali, na serikali ilikuwa na majumba mengine mengi ya kuangalia.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, serikali ikiamua kweli, inaweza kuweka maskini katikati ya mji badala ya kuwasukuma pembeni. Pili, nyumba ya bure isiyo na mpango wa kuitunza inazeeka haraka, na mzigo wake unaangukia wanawake.

Mombasa: ardhi ya umma, mfuko wa mfanyabiashara

Mombasa nako, katika mtaa wa Buxton, kulikuwa na nyumba za kupanga zilizojengwa wakati wa ukoloni juu ya ardhi ya serikali ya mji. Zilikuwa zimechakaa. Serikali ya kaunti ikaamua kuzibomoa na kujenga ghorofa zaidi ya 1,800 pamoja na mwekezaji binafsi: kaunti inatoa ardhi, mwekezaji anatoa pesa, nyumba zinauzwa kwa bei inayoitwa nafuu.

Wapangaji wa zamani waliambiwa watapewa nafasi ya kwanza ya kununua, na walipewa fedha za kuhamia kwingine wakati wa ujenzi. Wengine walikubali. Wengine walipinga, wakaenda mahakamani, wakisema kwamba kupewa nafasi ya kwanza hakumsaidii mtu asiye na uwezo wa kulipa.

Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Neno "nafuu" lina maana gani? Nafuu kwa nani? Kwa mwalimu anayelipwa kila mwezi na kukopeshwa na benki, bei fulani ni nafuu. Kwa mama anayeuza makala au samaki wakavu kutoka Kasenyi, asiye na karatasi ya mshahara, bei hiyo hiyo ni mlima. Ardhi ya umma ikitolewa kwa mtu anayetafuta faida, lazima mkataba uandike mapema: vyumba vingapi ni vya watu wa kipato cha chini, kwa bei gani, na kwa miaka mingapi bei hiyo italindwa. Yasipoandikwa, mnunuzi wa kwanza anauza kwa faida, na baada ya miaka kumi mtaa wote ni wa matajiri. Ardhi ilikuwa ya wote, faida imekwenda kwa wachache.

Voi: ardhi ni ya jamii, nyumba ni yako

Voi ni mji ulio njiani kati ya Mombasa na Nairobi, katika Taita-Taveta. Pale kuna mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni. Watu walijenga vibanda vyao juu ya ardhi isiyo yao: sehemu ya serikali, sehemu ya shirika la reli, sehemu ya shamba la katani. Wengi walikuwa vibarua. Kila mwaka waliishi na hofu ya kufukuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaa huo ulikuwa na watu zaidi ya 4,000.

Serikali ya Kenya, pamoja na shirika la maendeleo la Ujerumani, ilikuja na mpango wa kuboresha miji midogo. Wakaaji waliitwa wakaelezwa njia mbalimbali za kumiliki. Njia moja ilikuwa kila mtu na hati yake. Nyingine ilikuwa ushirika. Nyingine, ambayo haikuwa imewahi kujaribiwa Kenya, ilikuwa amana ya ardhi ya jamii. Baada ya mikutano mingi walichagua hiyo ya mwisho.

Inafanyaje kazi? Ni rahisi kueleza. Ardhi yote inaandikwa kwa jina la jamii, chini ya wadhamini waliochaguliwa. Kila familia inapewa haki ya kukaa juu ya kiwanja chake na kujenga. Nyumba ni mali ya familia: inaweza kuirithisha watoto, inaweza kuiuza ikitaka kuondoka. Lakini inauza nyumba tu, matofali na mabati, si ardhi. Na kabla ya kumuuzia mgeni, jamii ina haki ya kwanza ya kununua.

Kwa nini walichagua hivyo? Kwa sababu walikuwa wameona kwingine. Mtu maskini akipewa hati binafsi, tajiri anakuja na pesa mkononi wakati mtoto anaumwa au kuna matanga. Mtu anauza, pesa zinaisha, anarudi kujenga kibanda kwingine. Ardhi ikiwa ya jamii, njaa ya mwezi mmoja haiwezi kuchukua makao ya miaka yote.

Wazo hilo lina asili ya mbali. Mwaka 1969, katika jimbo la Georgia, Marekani, wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai haki ya kupiga kura walinunua pamoja ardhi ya ekari zaidi ya 5,000, wakaiita New Communities. Ndiyo inayohesabiwa kuwa amana ya kwanza ya ardhi ya jamii kule. Lakini mwaka 1985 walinyang'anywa ardhi yote kwa sababu ya deni, baada ya miaka ya ukame na ya kunyimwa mikopo ambayo wakulima weupe walipewa. Hilo tulishike vizuri: ardhi ya pamoja ikiwekwa rehani, wote wanaweza kuipoteza siku moja.

Na Voi je? Mtaa uliboreshwa, viwanja vikapimwa, barabara zikafunguliwa, na watu hawakufukuzwa. Huo ni ushindi. Lakini kazi ya karatasi ilikuwa ngumu, kwa sababu sheria ya Kenya wakati ule haikuwa na mlango wa aina hiyo ya umiliki. Ilibidi kuunganisha sheria mbili tatu ili kupata njia. Hati zilichelewa. Miaka ilipopita, baadhi ya wakaaji, hasa vijana ambao hawakuwepo kwenye mikutano ile ya mwanzo, wakaanza kuuliza: kwa nini jirani yangu wa mtaa mwingine ana hati yake na mimi sina?

Tunajifunza kwamba makubaliano ya pamoja hayadumu kwa karatasi peke yake. Lazima yafundishwe tena kwa kila kizazi, kama tunavyowafundisha watoto ukoo wao.

Kutoka Kurasini hadi Chamazi: wapangaji waliosahauliwa

Dar es Salaam, serikali ilipotaka kupanua eneo la bandari, watu wa Kurasini waliondolewa. Wenye nyumba walilipwa fidia. Wapangaji hawakulipwa kitu, ingawa ndio waliokuwa wengi na wengine walikuwa wameishi pale miaka mingi.

Sehemu ya wapangaji hao walikuwa wanachama wa vikundi vya kuweka akiba, ambavyo wengi wao ni wanawake, vilivyounganishwa katika Shirikisho la Maskini wa Mijini la Tanzania. Hawakuwa na fidia, lakini walikuwa na daftari la akiba na mazoea ya kukutana kila wiki. Kwa akiba hiyo na mkopo wakanunua ekari 30 huko Chamazi, pembezoni mwa mji. Wakafyatua matofali wao wenyewe. Wakajenga kidogo kidogo: chumba kimoja na choo kwanza, vyumba vingine baadaye, kadiri mfuko ulivyoruhusu.

Bei yake? Chamazi ni mbali. Mama aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kuuza chakula kwa wafanyakazi wa bandari sasa alipaswa kulipa nauli kila siku, kwenda na kurudi. Wengine walijikuta wana nyumba lakini hawana biashara. Kiwanja cha rahisi kilicho mbali si rahisi, kwa maana bei yake inalipwa kila asubuhi kituoni.

Nairobi kuna mfano wa kinyume chake. Kambi Moto, katika Huruma, watu walikuwa wamebanana juu ya ardhi ya halmashauri ya jiji. Walikataa kuhamishwa mbali. Walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakakubaliana kwamba kila familia, awe mwenye kibanda au mpangaji, itapata nyumba moja. Kisha, kuanzia 2003, wakajenga nyumba ndogo ndogo za kupanda juu, chumba juu ya chumba, ili wote watoshe pale pale. Kabla ya kujenga walisimamisha mfano wa nyumba kwa miti na vitambaa, ukubwa wake halisi, ili kila mama aingie, ageuke, aone jiko litakaa wapi na kitanda kitapita wapi. Ni jambo ambalo sisi pia tunaweza kulifanya kwa mchana mmoja, kwa vitenge vyetu.

Kwetu Kongo: ardhi ni ya nani?

Sasa turudi nyumbani. Huenda wengine wanafikiri mambo haya ya ardhi ya umma ni ya nchi nyingine. Kumbe kwetu yako karibu zaidi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na mali hiyo haiuzwi. Tunaponunua kiwanja, tunachonunua hasa ni haki ya kukitumia. Kwa hiyo swali la nani apewe haki hiyo, kwa masharti gani, ni swali ambalo raia yeyote anaweza kuiuliza serikali yake.

Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inataja haki ya makao yenye heshima, pamoja na maji safi na umeme. Tunajua kwamba haki iliyoandikwa haijengi ukuta. Lakini inatupa mahali pa kuanzia tunapoandika barua.

Haya ndiyo mambo ya sheria ambayo kila kikundi kinapaswa kuyajua.

Kwanza, kuna aina mbili za haki ya ardhi. Haki ya kudumu anaweza kupewa mtu binafsi, raia wa Kongo. Shirika au ushirika hauwezi kupata hiyo. Unapewa haki ya kawaida, kwa muda usiozidi miaka 25, ambayo inaweza kurudiwa. Kwa hiyo kikundi kinachotaka ardhi ya pamoja lazima kiwe na kumbukumbu ndefu: mtu wa kukumbuka tarehe ya kurudia mkataba, hata kama viongozi wa leo hawapo tena.

Pili, karatasi ya shefu wa kartie, au ile ya kununuliana kati ya watu wawili, haitoshi. Haki kamili inathibitishwa na cheti cha uandikishaji, kile tunachokiita sertifika, kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi baada ya kadastri kupima. Familia ngapi hapa mjini zimejenga kwa jasho la miaka kumi, kisha akatokea mtu mwenye sertifika ya kiwanja hicho hicho? Tunawaomba: kabla ya kulipa hata dola moja, nendeni ofisini muulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani.

Tatu, serikali haitoi ardhi ili ikae pori. Mwenye kupewa lazima aijenge au aitumie, la sivyo anaweza kunyang'anywa. Kikundi kisiombe ardhi kubwa kuliko nguvu zake.

Nne, kikundi kisichoandikishwa hakiwezi kumiliki ardhi. Likelemba na AVEC ni shule nzuri ya kuaminiana, lakini mbele ya sheria si mtu. Kuna njia mbili: shirika lisilotafuta faida, chini ya sheria ya 20 Julai 2001, au ushirika, chini ya sheria za OHADA ambazo nchi yetu inazifuata tangu 2012. Ushirika mdogo unaweza kuanzishwa na watu watano tu. Kwa ujenzi wa nyumba ambazo wanachama watamiliki, ushirika unafaa zaidi, kwa sababu kila mtu ana hisa yake inayojulikana.

Tano, na hili liandikwe ukutani: tangu sheria ya 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya Familia, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili aweke sahihi kwenye mkataba. Mama anaweza kuwa mwanachama, kulipa, na kuandikwa kwa jina lake. Kama afisa fulani anamwambia alete kwanza barua ya mume, amweleze kwa upole kwamba sheria imebadilika.

Na kwa wale wanaopanga: sheria ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi haipaswi kuzidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanaomba zaidi. Si rahisi kugombana na mtu unayetaka akupe chumba, lakini ni vizuri kujua haki yako iko wapi.

Sheria hurekebishwa, na ada hubadilika. Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi mahali popote, kikundi kiulize masharti ya siku hiyo, tena kiende watu watatu pamoja, na risiti idaiwe kwa kila malipo.

Hofu tulizosikia

Tulipoyaleta mawazo haya kwenye vikundi, wamama hawakupiga makofi tu. Waliuliza maswali makali, na tunayaheshimu.

Mmoja aliuliza: "Nikifa, watoto wangu watafukuzwa na chama?" Jibu liko kwenye kanuni ambazo chama kinajiandikia. Voi nyumba ilirithiwa. Sisi pia tuandike wazi, tena mapema: nyumba inabaki kwa watoto, na mjane hafukuzwi na wakwe zake. Kwa kweli hapa ardhi ya pamoja inaweza kumlinda mama kuliko hati ya mume peke yake. Ndugu za marehemu wanaweza kuchukua kiwanja kilichoandikwa kwa jina la kaka yao. Si rahisi wachukue kiwanja kilichoandikwa kwa jina la ushirika ambao mjane mwenyewe ni mwanachama wake.

Mwingine alisema: "Nataka hati yangu mwenyewe. Nimechoka na vitu vya pamoja, mweka hazina anakimbia na pesa." Hatutamficha: hofu hiyo ina sababu. Anayeweza kununua kiwanja chake na kupata sertifika kwa jina lake, anunue, nasi tutamsaidia kujua njia. Ushirika ni kwa ajili yetu ambao peke yetu hatutafika kamwe. Na dawa ya mweka hazina mkimbizi tunayo tayari katika AVEC: sanduku la funguo tatu, watu watatu tofauti, na hesabu kusomwa mbele ya wote kila wiki. Pesa za ujenzi ni nyingi kuliko za likelemba, kwa hiyo ziwekwe mahali panapohitaji sahihi zaidi ya moja.

Mwingine aliuliza neno zito zaidi: "Tukiomba ardhi, nani yuko juu ya ardhi hiyo sasa?" Katika Ituri swali hili si la mchezo. Tumezika watu kwa sababu ya mipaka ya mashamba. Kipande ambacho ofisini kinaitwa kitupu, kijijini kinaweza kuwa na makaburi, shamba la mihogo, au familia iliyokimbia ikitumaini kurudi. Hatutaki nyumba iliyojengwa juu ya machozi ya mama mwingine. Kwa hiyo kabla ya kupokea kipande chochote, tuzunguke na shefu wa kartie, wazee na majirani wa kila kabila, tuulize kwa sauti, na majibu yaandikwe. Na ndani ya ushirika wenyewe tusichague kwa kabila. Kikundi ambacho ndani yake wamekaa Mhema, Mlendu, Mbira, Mnande, Mualuri na wengine kina walinzi wengi siku ya matata.

Na kuna wale walioko kambini. Kesi ya Kurasini inatuonya: anayepanga na anayehifadhiwa ndio wanaosahauliwa kwanza, kwa sababu hawana karatasi. Wengi wanataka kurudi kwao amani ikipatikana, na hiyo ni haki yao. Lakini wako ambao watoto wao wamekulia hapa mjini na watabaki. Mpango wowote wa nyumba za Bunia usiowahesabu utakuwa umeanza na kosa.

Tuanzie wapi

Hatuna mfadhili mlangoni, na hatutaki kuwaahidi kitu ambacho hatuna. Lakini kuna kazi ambazo hazihitaji mfadhili, na ndizo zilizowatangulia wenzetu wa Chamazi na Kambi Moto.

Wiki hii kila kikundi kijihesabu. Chukueni daftari, andikeni kwa kila mwanachama: anapanga au ana kwake, analipa kiasi gani kwa mwezi, amehama mara ngapi katika miaka mitatu, nyumba ina watu wangapi, maji anachota wapi. Msiandike majina ya watu kwenye nakala mtakayotuletea, namba tu. Tukikusanya daftari za vikundi vyote, tutaweza kumwambia meya na ofisi ya makazi jambo la kweli, badala ya malalamiko ya barabarani.

Wiki ya pili, jadilini maswali matatu. Je, tunataka kubaki karibu na soko hata kama nafasi ni ndogo, au kwenda mbali tupate kiwanja kikubwa? Je, mwanachama anayeondoka auze kwa bei gani, na kwa nani? Je, anayeshindwa kulipa kwa sababu ya ugonjwa tumfanyie nini? Msiache maswali haya mpaka nyumba zimejengwa. Wakati huo kila mtu atajibu kwa kuangalia mlango wake.

Wiki ya tatu, chagueni watu wawili, mmoja kijana na mmoja mzee, watakaokwenda pamoja nasi kwenye ofisi ya kadastri na ya hati za ardhi kuuliza vipande gani vya serikali vilivyo ndani ya mji vinaweza kuombwa, na kwa masharti gani. Waulize pia juu ya maji ya mvua: kipande cha bondeni kando ya mto Shari kinaweza kutolewa haraka kwa sababu hakuna anayekitaka, na mwezi wa kumi tutajua kwa nini.

Na kwa kuanza akiba, msibadilishe likelemba mliyo nayo. Wekeni kando yake sanduku la pili, la nyumba tu, hata kama ni franga chache kwa wiki. Vikundi vinavyoshindwa kulinda sanduku dogo kwa mwaka mmoja visiombe ardhi. Vitakavyoweza vitakuwa na neno la kusema mbele ya ofisi yoyote, kwa sababu daftari la akiba la mwaka mzima ni barua ambayo hakuna anayeweza kuikataa kwa urahisi.

Leteni hesabu zenu katika mkutano wetu wa mwisho wa mwezi. Mama asiyejua kuandika amlete binti yake wa shule akae naye na daftari. Binti huyo ndiye atakayekumbuka tarehe ya kurudia mkataba, miaka 25 baadaye.